Ukakasi

Shemeji Namegabe husema divai nyekundu njema
ni ile inayokukunja uso kwanza, ikakuomba radhi baadaye.
Mwaka wa sita huu nakaa mezani kwake, kule Muhumba,
naingoja hiyo radhi.
Ulimi unageuka ngozi ya mbuzi iliyoanikwa,
fizi zinajikunyata
kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi.
"Utazoea," anasema, na kunijazia tena.

Nimezoea mengi, shemeji.
Nimezoea umeme unaoingia saa nane usiku kama mwizi,
nami naamka kupiga pasi.
Nimezoea tope la Essence: viatu vya kazini ndani ya mfuko,
vya njiani miguuni.
Nimezoea kusaini mshahara wa mwezi wa tatu
katika mwezi wa saba.
Hayo sikuyachagua dukani.
Lakini chupa nainunua mwenyewe, dola juu ya dola,
na kitu ninachokilipia
kwa nini nikivumilie kama serikali?

Jumamosi nikapanda Nyawera.
Kwa akili yangu nilishajaribu:
ile yenye picha ya farasi, chungu;
ile ya bei ya kutisha, chungu na nusu;
ile ya harusini, tamu
mpaka inzi walikuja na jamaa zao.
Muuzaji, kijana Mushagalusa, kalamu sikioni,
hakuniuliza nina dola ngapi.
Aliniuliza: "Mama, kasiksi unakunywa ya siku ya ngapi?"
Ya siku ya pili, nikamwambia,
kabla haijaanza kugombana na watu.
"Na chai?"
Nyepesi. Majani yapite tu, yasilale.
Akaingia nyuma ya pazia, akarudi na kikombe
cha chai ya tangu asubuhi, nyeusi, baridi, bila sukari.
"Onja. Ni hivi?"
Nikakunja uso uleule wa Muhumba.
Ni hivi.
"Basi huo si uchungu, mama. Uchungu ni kwinini.
Huo ni ukakasi."

Ukakasi.
Neno nililokuwa nalo tangu utoto,
la mapera mabichi tuliyoiba kwa mapadri,
na sikuwahi kulileta mezani kwa shemeji
kwa kuwa nilidhani divai haijui Kiswahili.

Kumbe unatoka kwenye maganda ya zabibu, na mbegu.
Divai ikilala sana na maganda yake
inaondoka na tabia zao, kama mtu na wakwe.
Mushagalusa akainua chupa moja moja mlangoni, juani:
hii giza tupu, wino wa mhuri, rudisha;
hii pia;
hii
nikaona kidole chake upande wa pili, chekundu,
kama cha mtoto anayefumbata tochi.
"Hii bado changa, nyepesi. Usiingoje izeeke.
Izamishe kwenye ndoo ya maji, nusu saa.
Atakayekucheka, mpe ndoo."

Dola kumi na moja. Sikupatana bei, na mimi hupatana hata chumvi.

Jioni nilikaanga sambaza, pilipili ya kutosha.
Divai ilipita ulimini kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.
Harufu ya tunda damu lililoiva hadi kupasuka,
uchachu kidogo kandokando, ambao nauruhusu,
halafu ikaondoka bila kuniachia deni mdomoni.
Nilikaa kimya na bilauri yangu. Umeme haukuwapo.
Ziwa lilikuwa chini huko, sikuliangalia.

Ndipo Namegabe akabisha, bila mwaliko, kama ada yake,
akaonja, akaitazama karatasi ya chupa
kana kwamba imeandikwa tusi.
"Hii ni jusi."
"Utazoea," nikamwambia.

Alikunywa mbili. Uso ulibaki umenyooka.
Akaniuliza bei, nikamdanganya: thelathini na tano.
Akatikisa kichwa kwa heshima.
Na sambaza, nilipogeuka kuzitazama,
zilikuwa nne.