Bila Hodi

Saa moja asubuhi, Iwate. Fusae kashika ufagio,
si wa nyumba, wa paa la shamba.
Theluji imelalia nailoni usiku kucha,
na vyuma vilivyopindwa upinde
vinaguna kama mgongo wa mpagazi.
Anausukuma mzigo kutoka ndani, polepole,
mpaka uporomoke,
na mwanga urudi, mweupe kama tui.

Hakuna jiko humu.
Kuna pumzi ya udongo iliyofungiwa,
na jua la jana, kiporo
kinacholiwa kwa kusaza.
Nje, kipimajoto kinaonyesha kumi chini ya sifuri;
ndani, spinachi imesimama kwa ukaidi,
kijani kama haijasikia habari.

Tangu Septemba ameilea hivi:
kufunika, kuziba matundu kwa utepe,
kukurupuka kila upepo ulipoipiga nailoni kofi.
Oikawa, jirani, alimcheka:
Wanangu mwenyewe sikuwadekeza hivyo.

Leo anashika mpini, anazungusha.
Kuta za pembeni zinajikunja, juu, juu zaidi,
na baridi inaingia bila hodi.
Majani yanajikunyata,
yanalala kifudifudi, yanakunja nyuso.
Siku kumi, anayaambia.
Mtanilaani siku kumi,
kisha kila jani litageuza hofu yake sukari.

Anachuma moja kabla ya wakati, anatafuna.
Bado.
Anatema kikonyo kwenye theluji
na kwenda kuchemsha chai.