Machicha

Saa kumi jioni, Desemba imeshazima taa za Spalding,
nagonga mlango wa nyuma wa mkahawa wa Rasa.
Ananipa ndoo bila salamu ndefu:
machicha ya kahawa, mazito, yangali na joto,
maganda ya machungwa, na ganda moja la ndizi
lililokunjwa vizuri kama barua.
"Chukua takataka zako," ananitania.
Humjibu kwa lugha asiyoijua:
ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Chungu ndiye mimi. Gari langu linanuka
duka la chipsi, shule mbili na msikiti mmoja.

Nyuma ya kituo cha pampu, kibanda cha bati.
Humo Eluned huyachoma bila kuyaacha yawake:
pipa limefungwa, hewa imenyimwa ruhusa,
moto unapiga hodi, haukaribishwi.
Asubuhi tunafungua: makaa mepesi,
meusi tititi, yenye vitundu ambavyo jicho halivioni.
"Kila kitundu ni mdomo," asema Eluned,
mwanamke asiyesema mafumbo,
kisha anaona haya, anarudi kwenye nambari zake.

Maji tunayachota mtaroni kwa Wilf Garfitt,
huku ambako nchi ni bapa kama sinia
na mto hutembea juu ya mashamba, umeshikwa na kuta za udongo.
Maji meupe. Matamu kwa macho.
Ndani yake, dawa ya magugu ya msimu wa viazi.
Wilf anasimama, mikono mfukoni:
"Baba yangu alinyunyiza. Na mimi. Nani angetuambia?"
Sikumjibu.

Maana na mimi nilikuwa na baba.
Kule Machame alipita kati ya migomba na mibuni
bomba mgongoni, shati limelowa mrututu,
buluu iliyogoma kutoka hata kwa sabuni ya mche,
na jioni akalisuuza bomba lake mfongoni,
mfongo uleule tuliokuwa tukichota kwa zamu.
Kahawa ile ilipanda meli. Sisi tukabaki na buluu.
Maji yakimwagika hayazoleki, alisema mama
siku tulipomzika. Sikuwa na hoja.

Sasa natazama maji yakishuka kwenye mrija,
tone, kisha tone, yakipenya makaa
yaliyokuwa kahawa, huenda ya kwetu, huenda ya Kolombia,
makaa hayana pasipoti.
Hayazoleki, mama. Lakini yanachujika.

Majibu yalikuja Jumanne. Nambari imeshuka.
Haikufika sifuri. Eluned aliizungushia duara
kwa kalamu nyekundu, akanywa chai iliyopoa,
akaomba makaa ya machungwa, tujaribu tena.
Rasa alipouliza kama takataka zake zimefaulu
nikamwambia: zimepata wastani.
Akacheka, akaongeza ndoo.

Limebaki jambo moja linaloniibia usingizi:
gunia la makaa yaliyoshiba.
Sumu haikufa, imehama nyumba tu.
Limeegemea ukuta, limefungwa kamba,
tarehe nimeiandika kwa mkono wangu,
na kila nikipita hulikwepa kidogo
kama nilivyokuwa nikilikwepa, nyuma ya mlango wa jikoni,
shati lile la buluu
ambalo mama hajalitupa hadi leo.