Njia ya Nne, Saranda

Mchoro wa mwaka sabini na mbili unasema njia nne.
Picha ya angani inasema mbili, na kichaka.
Nami niko Nkuhungu na kompyuta yangu, umeme wa kukatika,
na treni isiyojua ipishane wapi na mwenzake.

Bahi nimeshaijenga: mbuga, majaruba ya mpunga, ukungu wa asubuhi.
Mlima nimeupandisha taratibu, hatua kwa hatua,
mpaka injini ya mvuke ikahema kwenye spika
kama mtu aliyebeba gunia la chumvi.
Saranda ndiyo iliyonishinda.
Yadi haikisiwi.
Ukikosea swichi moja tu, mabehewa ya karanga
yanaingia jikoni kwa stesheni masta.

Nikapanda basi, na futi ya kukunja ya fundi mwashi.
Sikuja kununua kuku. Hilo liliwashangaza.

Wakanipeleka kwa Bi Sechelela Chidosa,
aliyeuza kuku dirishani mwa treni miaka thelathini na mmoja
na treni yenyewe hakuipanda hata siku moja.
"Njia?" akasema. "Njia sikuzihesabu. Nilihesabu kuruka.
Toka jikoni kwangu, sinia kichwani, mchuzi usimwagike,
naruka vyuma sita gizani.
Cha saba na cha nane treni imevikalia."

Nane, gawa kwa mbili.
Niliandika nne kwenye daftari, nikaipigia mstari,
nikaupiga tena hadi karatasi ikatoboka.

"Sasa hiyo ya nne iko wapi?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi saa sita mchana.
Akajifunga kanga, akashika kiuno,
tukatoka kuitafuta.

Ya nne iko shuleni, imening'inia kwa waya;
mtoto wa zamu anaigonga kwa nati saa moja na nusu.
Ya nne ni boriti kanisani, upande wanakokaa wanawake.
Mataruma yake, yale ya chuma, yamesimama wima
yakizuia mbuzi wa Yona Mlewa,
tarakimu za kiwandani bado zinasomeka ukitema mate ukasugua.
Moja ni daraja la mtaro.
Moja ni kizingiti, na msichana alikuwa amekalia,
anasukwa, hakutaka kunyanyuka ili nipime.
Nikapima kushoto kwake na kulia kwake, nikakadiria.

Nikajumlisha reli: mita tisini na kitu.
Mchoro unadai mia na ishirini.
"Zilizopungua," akasema Bi Sechelela, "alichukua mhunzi.
Majembe. Tumeshazilimia.
Uwele wake tuliumaliza zamani."

Nimerudi Nkuhungu. Nimeilaza tena njia ya nne,
kubofya na kubofya, taruma baada ya taruma,
na kutu nimeipaka kwa rangi niliyoichukua kwenye uzio wa mbuzi.
Tatizo likawa watu.
Ghala la mchezo lina watu kumi na wawili,
wote wamevaa makoti, wote wanatazama saa,
hakuna hata mmoja anayejua kubeba kitu kichwani.
Nikamchonga wa kumi na tatu.
Wiki nzima sinia lilikuwa likielea nusu mita juu ya kilemba,
halafu likazama puani.
Usiku wa Jumanne likatulia.

Jana akapiga, kwa simu ya mjukuu wake.
"Umeniweka upande gani?"
"Wa jikoni, mama."
"Treni imefika?"
"Inafika saa nane na dakika arobaini usiku."
"Imechelewa," akasema. Akanyamaza kidogo.
"Hebu tazama behewa la tatu toka nyuma.
Kuna mtu alipokea kuku, kengele ikapigwa,
akasema mama ngoja natafuta chenji."

Nikaisimamisha treni palepale, moshi ukaganda hewani.
Nikaingia la tatu toka nyuma,
nikapita dirisha kwa dirisha.
Viti vya kijani, vipya, vinang'aa.
Abiria bado sijawajenga.