Maji Baridi

Usiku ule mama mkwe alinikabidhi beseni.
Hakunikabidhi mtoto. Mtoto alikuwa na mikono mingi ya kumpokea:
shangazi wawili, jirani, hata mwenye nyumba.
"Wewe," alisema Saturnina, "chukua hivi vitambaa.
Mzazi hagusi maji baridi siku arobaini,
na hapa El Alto maji yote ni baridi."

Saa kumi alfajiri nilikuwa uani.
Bomba lilikuwa limeganda; nikalipasha kwa moto wa gesi
ninaochomelea madirisha ya watu.
Damu ikaachia pamba polepole,
nyekundu, kisha waridi, kisha rangi ya chai.
Sikujua kama mtu anaweza kutokwa na damu kiasi kile
na bado akaomba chumvi zaidi kwenye supu.

Nilidhani kuzaa huisha mtoto akilia.
Wenzangu wa karakana walinipa mkono, "Umepata dume!"
wakanywa kwa ajili yangu.
Hakuna aliyeuliza Ninfa anakaaje.

Anakaa upande.
Anakaa juu ya mto tuliotoboa katikati kwa mkasi.
Nyuzi sita, alisema mkunga, zitayeyuka zenyewe.
Kila aendapo haja namsikia nyuma ya pazia
akivuta pumzi kwa meno,
nami nimesimama na birika la maji vuguvugu,
macho ukutani, kwenye kalenda ya duka la saruji,
nikisoma bei za nondo,
nikizisoma tena.

Siku ya tatu nilifundishwa kufunga mkaja.
Ni wa sufu, alifuma bibi yake, una ndege wekundu
wanaozunguka kiuno kizima wakitafuta pa kutua.
"Taratibu! Hufungi mzigo wa mabomba,"
mama mkwe akanichapa kidoleni.
"Fumbata, usibane. Mifupa yake imefunguka kama lango,
na lango halifungwi kwa teke."
Mimi, fundi wa malango,
nikaufungua, nikaanza upya.

Usiku wa tisa aliniamsha kwa kunigusa sikio.
Hakuwa na nguvu ya kuita.
Mwili wake ulichoma kama chuma nilichoacha sasa hivi,
titi la kushoto gumu, jekundu, linang'aa.
Mama mkwe akasema kabichi. Mimi nikasema gari.
Hatukubishana; baridi ile haikutupa nafasi.
Tukamtia majani ya kabichi kifuani, tukamfunga shuka tatu,
tukashuka hadi zahanati, dereva akilalamika kuhusu breki.

Daktari alipomfungua blauzi
jani moja likaanguka sakafuni, limeiva kabisa.
Akaliokota, akaliangalia, akauliza,
"Na nyama iko wapi?"
Ninfa akacheka. Kicheko kikavuta nyuzi.
Akalia, akacheka, akanishika mkanda,
"Wanyamazishe, Eulogio, nitachanika!"
Tulirudi na vidonge vya siku kumi na amri moja:
anyonyeshe hivyo hivyo, hasa lile linalouma.
Kila mtoto aliposhika chuchu
alihesabu vidole vyangu kwa kuviminya.
Sikuwahi kuumizwa vizuri namna ile.

Kisha siku zikawa supu.
Supu ya kondoo, supu ya kwinoa, supu ya viazi vilivyokaushwa kwa jalidi,
madirisha yamefungwa, redio chini chini,
na mimi na beseni langu
tukijuana na nyota kwa majina tuliyozipa wenyewe.

Siku ya arobaini na mbili, maana mbili tulizisahau,
alitoka uani kwa miguu yake, mkaja kaufunga mwenyewe,
ndege wote mahali pao.
Akatumbukiza kidole kimoja.
"Maji baridi," alisema,
kama anayemsalimu jamaa asiyempenda.
Akafua nguo za mtoto, akafua shali yake,
akafua hata soksi za mama yake.

Shati langu akaliacha ndani ya beseni.
"Hilo endelea nalo," alisema,
akipandisha ngazi, mkono mmoja ukutani.
"Umeshazoea."