Kijiko Kimoja

Goti la kulia limegoma tangu Oktoba.
Daktari wa Mosjøen alilipiga picha, akanionyesha kwa kalamu:
hapa palikuwa na ute, sasa mfupa wasaga mfupa.
"Kama injini iliyokauka," nikasema. Hakucheka.

Basi mwaka huu sitambai chini ya gari.
Nimenunua pampu: dumu jeusi la plastiki
lenye mpini kichwani na mpira mwembamba kama mrija wa soda.
Torbjørg aliizunguka pale mezani, akauliza
ni ya kukamulia mbuzi au ya kuoshea masikio.

Kwa baba hii ingekuwa kashfa.
Oddvar wa karakana ya reli
aliamini oili hutoka chini, kama haja zote.
Asiyetaka kulala chali, alisema, na atembee kwa miguu.
Oili ikimchuruzika toka kiganjani hadi kwapani
alinifundisha kuhesabu matone:
subiri, bado moja,
bado moja.
Nilikuwa na miaka tisa. Theluji iliniyeyukia mgongoni
nami nikasubiri.

Nimewasha gari dakika kumi, nikazima.
(Oili baridi haisogei, kama mtu anayedaiwa.)
Nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakifuta kwa soksi isiyo na mwenzake,
nikausukuma mpira tunduni polepole
mpaka ukagusa chini:
tk,
kama kidole juu ya meza.

Mpini mara ishirini. Nikauacha.
Kimya.
Kisha mpira ukageuka mweusi, na weusi ukapanda wenyewe,
kilomita elfu kumi na tano za barabara ya E6,
Krismasi kwa shemeji, mazishi mawili,
ile safari ya usiku kupeleka kiti cha magurudumu
kwa mtu ambaye hakukikalia.
Lita moja. Mbili. Tatu na nusu.
Nami nimesimama wima kama bwana harusi,
mikono safi,
naionea haya.

Kwenye tano pampu ikaanza kukoroma: yafyonza hewa.
Kitabu cha gari kinasema tano na robo.
Nikainama, nikanyooka, nikainama tena.

Ingvild wa nyumba ya pili alikuwa akipita na mbwa.
Miaka kumi na tisa, anasomea umeme.
"Umepoteza nini?"
Nikamsimulia habari za baba, nadhani kwa kirefu mno,
maana mbwa alikaa, kisha akalala.
Ingvild akanikabidhi kamba,
akatandaza boksi la friji, akaingia chini na spana ya kumi na saba
na bakuli ambalo Torbjørg hajui limetoka jikoni.
Nje ikabaki miguu tu.

"Imefunguka."
Nikabana pumzi.
"Tone," akasema. "Tone. Jingine. Basi."
"Subiri."
"Nasubiri."
"Bado moja."
"Hakuna, Halvard. Hata kijiko cha chai hakijai."

Hata kijiko.
Miaka hamsini na minane nimelala kwenye barafu,
mimi, na yeye kabla yangu miaka arobaini,
hata kijiko hakijai.

Na ile robo lita? Nilifungua filta, ikanicheka:
ilikuwa imejikalia humo, juu kabisa, mbele ya pua yangu,
ikiloweka karatasi.

Oili mpya iko tayari kwenye kidirisha cha karakana,
ina rangi ya chai ya rangi kabla haijakolea.
Ile nyeusi nitaipeleka Jumatatu kituo cha taka.
Kazi imekwisha, kusema kweli.

Lakini "nifunge?" alipouliza kutoka chini,
nilimwomba akae hapo dakika moja zaidi.
Hakuniuliza kwa nini.
Mbwa akamnusa viatu.
Tukategea masikio, sote watatu,
lile bakuli.