Rasimu ya Nne

Barua ya kunikatalia ina aya tatu.
Ya kwanza inanishukuru.
Ya pili inasema fedha za nyumbani zimeingia ghafla.
Ya tatu niliisoma nimesimama kwenye maegesho,
jua la Agosti likichemsha usukani:
afisa hakuridhika kwamba nitarudi.

Basi nimekaa tena, chumba cha nyuma, Al-Khoudh,
kiyoyozi kinakohoa kama mtu mwenye lake la kusema,
naandika:
"Mheshimiwa, mimi Shinuna binti Hilal,
miaka ishirini na mitatu,
naomba kueleza mpango wangu wa masomo."
Nafuta "naomba".
Nairudisha.

Fedha kwanza, maana ndizo zilizonichongea.
Rial elfu tatu na mia sita ni upatu wa mama.
Wanawake kumi na wanane, rial mia mbili kila mwezi;
zamu yake ilikuwa ya mwisho,
akawapigia magoti, wakampa ya Juni.
Upatu nauelezaje
kwa mtu asiyewahi kudaiwa na jirani?
Risiti hakuna. Kuna Bi Ghaniya na daftari lake jekundu,
na kuna aibu,
na aibu, Mheshimiwa, ni mdhamini
ambaye benki bado haijampata.
Hiyo ya aibu naifuta. Binamu yangu Muadh kasema:
usiwatungie mashairi, waonyeshe muhuri.

Kwa nini kozi hii.
Kwa sababu baba alikaa miaka ishirini na sita Fahud
kando ya majenereta, akipewa vizibo vya masikio
na kuvitia mfukoni.
Leo televisheni yetu inasikika hadi msikitini.
Anaitikia salamu ambazo hakupewa.
Anacheka nyuma yetu, sekunde moja.
Nataka kusomea usikivu: kupima sikio, kurekebisha kifaa,
kumkalisha mzee akivae
bila kuona amevunjiwa heshima.
Nayapanga haya kwa nambari, sentensi fupi fupi.
Mwaka wa kwanza. Wa pili. Mafunzo kwa vitendo.
Kisha kliniki, Sib au Nizwa, popote watakaponiweka.

Limebaki hilo la kurudi.
Namuuliza Bibi Zuwena,
anapanga vidonge vya presha kwenye kiboksi cha siku saba.
"Kurudi? Hiyo kazi tumeifanya sisi.
Sabini na mbili nilishuka ndegeni hapa
nikaambiwa, karibu, umerudi kwenu.
Na mguu wangu haukuwahi kuikanyaga!
Kiarabu changu cha msahafuni tu;
nikienda dukani kuomba chumvi
wananitazama kama nimewasomea sura.
Waandikie: kwetu sisi mtu hurudi hata asikotoka."
Kisha ananiuliza leo Jumatano au Alhamisi.

Naandika. Nafuta.
Afisa halipwi kwa kufumbua mafumbo.

"Taja yanayokufunga na nchi yako."
Barua ya hospitali, ina sahihi, haina muhuri.
Gari ambalo halijaisha kulipwa.
Na ule upatu: mama kala mapema,
miezi kumi na mitano bado anadaiwa,
na mdaiwa wa kweli ni mimi.
Kamba gani nyingine mnaitaka?

Saa saba usiku baba anapita kwenda kunywa maji.
"Bado tu?"
"Naeleza, baba."
"Unaelea?"
"Naeleza!"
Anasubiri, gilasi mkononi.
Nahamia kuliani kwake, kwenye sikio lenye uhai kidogo,
nasema polepole:
nakwenda kujifunza masikio,
nikimaliza nakuja kukutazama lako.

Anakunywa yote, anaweka gilasi juu ya karatasi zangu.
"Sasa si ungewaandikia hivyo?"

Gilasi imeacha duara la maji
juu ya jina la afisa.
Nafungua ukurasa mpya.
"Mheshimiwa," naandika,
na kutoka sebuleni televisheni inaanza kupiga kelele.