Mate ya Bi Chumu

Juu ya orodha, kabla ya majina ninayoyajua,
amekaa T.K.
Hana picha, hana mti, hana neno.
Sentimorgani mia nne thelathini na moja
zimo ndani yangu na zimo ndani yake,
na mie sijui hata kama ni mwanamke au mwanamume.

Basi nikashika kazi.
Nikawagawa jamaa kama muuza samaki sokoni Wete:
fungu hili la baba, fungu hili la mama.
Watoto wa ami, hakuna aliyelingana naye hata chembe.
Upande wa mama, wanne.
Nikachora matawi nyuma ya karatasi za bili ya umeme,
nikafuta, nikachora,
mpaka tawi moja likabaki linaning'inia,
halina pa kushika.

Nikampelekea kichupa mama mdogo, Bi Chumu, Limbani.
"Mate? Mate yangu ni ya kukutemea utosini
uende safari urudi.
Na leo nimo kwenye sita. Njoo baada ya magharibi."
Baada ya magharibi kuna tende, kuna uji,
kisha tambuu, na maelezo yanataka kinywa kitupu
nusu saa nzima.
Siku tatu tulishindwa.
Ya nne akatema hadi alama,
akajifuta kwa ncha ya kanga: "Haya, wapelekee."

Wiki saba.
Kwake yeye, T.K. ni mia tisa na mbili.
Nikahesabu mjukuu, kitukuu, kilembwe,
nikapanda ngazi ile na kuishuka,
na kila njia ikanifikisha mlango mmoja:
babu Shaali, fundi cherehani,
asiyekosa safu ya mbele alfajiri.

Nikaenda nimeyabeba maneno kama mayai.
Bi Chumu hakuacha kupepeta mchele.
"Huyo wa Vanga," akasema.
"Mwana wa Mwanamkasi, dada yetu,
mkubwa kwa marehemu mama yako.
Baba alishona huko misimu miwili.
Barua zilikuja. Mama akazifungia njugu, akaziuza."
Akapuliza makapi.
"Ungeniuliza tu, mwanangu."

Kwenye kioo wameandika: binamu, nusu.
Nusu ipi?
Mtoto wa mama mkubwa tangu lini akakatwa kati?

Shaame naye alijipima, kwa ubishi wake.
Shaame tuliyenyonya ziwa moja
mwezi mama yake alipolazwa;
hata shehe akituona pamoja hasemi kitu.
Sifuri.
Hakuna uhusiano uliopatikana.
Yuko juu ya paa langu sasa hivi,
anagonga bati linalovuja jikoni.

Jana T.K. aliandika, maneno matatu:
"Wewe nani kwangu?"

Nimeandika *ndugu yangu*.
Nimefuta.
Nimeandika tena, kidole kiko juu ya kitufe,
na Shaame anapiga kelele kule juu:
misumari imemwishia.